Mashua Katika Nchi Kavu: Posho, Wapagazi na Lady Alice Mkoani Singida, 1875

Mashua ya kwanza iliyoundwa Ulaya kuelea katika Ziwa Viktoria ilifika huko kwa kupita nchi kavu, na kipande kigumu cha njia yake kilikuwa ndani ya Mkoa wa Singida wa leo. Januari 1875 mashua hiyo, iitwayo Lady Alice, ilibebwa vipande vipande mabegani mwa watu kutoka ukingo wa Ugogo, ikapita katika vichaka vya Manyoni, ikaingia katika vijiji vya Wanyaturu na Wanyiramba, kisha ikateremka mbuga za Wembere kuelekea Usukuma. Msafara ulikuwa wa Henry Morton Stanley, aliyetumwa na magazeti mawili, Daily Telegraph la London na New York Herald la Marekani. Wasimulizi wengi huharakia ziwani na Mto Kongo, na mwezi huo wa Singida huupa kurasa chache. Hilo ni kosa, kwa kuwa ni Singida palipodhihirika kwamba mashua ya safari husimama au huanguka kwa kile kilichomo ghalani, kabla hata ya kutazama tanga na makasia.

Kujaza akiba katika eneo hili kulikuwa desturi ya zamani kabla Stanley hajazaliwa. Njia kuu ya misafara ilianza Bagamoyo na sehemu nyingine za Mrima, ikapanda hadi Mpwapwa, ikakata Ugogo, kisha ikaingia pori kubwa lililoitwa Mgunda Mkali, ambalo leo limo katika maeneo ya Manyoni na Itigi, mpaka kutokea Tura na Unyanyembe, yaani Tabora. Pori hilo lilikuwa na maji machache na wakazi wachache. Hakuna kiongozi wa msafara aliyeliingia bila kusimama kwanza upande wa Ugogo, akanunua mtama na uwele, akawapa watu muda wa kutwanga na kusaga, akahakikisha kila kibuyu kimejaa. Katikati ya pori palikuwa na Jiwe la Mkoa, kijiji cha Wakimbu chini ya mwamba mkubwa, ambapo misafara ilipumzika na kununua chakula tena. Vituo vya namna hii vilikuwa bandari za nchi kavu: mtu alitia nanga, akahesabu kilichobaki, akaziba mapengo, ndipo akaondoka. Richard Burton na John Speke walipita hapo mwaka 1857, na Speke alirudi na James Grant miaka mitatu baadaye, akakwama porini kwa mvua, njaa na wapagazi waliotoroka, hadi akalazimika kutuma watu Unyanyembe kuomba msaada.

Maji yalikuwa na kanuni yake, nayo iliitwa telekeza. Pale ambapo kisima kimoja kilikuwa mbali mno na kingine, msafara haukuondoka alfajiri kama kawaida. Watu walipika na kula mchana karibu na maji, wakajaza vibuyu na viriba, wakaondoka jua likiwa bado kali, wakatembea hadi usiku na kulala pasipo maji. Alfajiri waliendelea mpaka kisima cha pili. Kwa njia hiyo siku mbili za kiu ziligeuka kuwa usiku mmoja. Wapagazi waliichukia telekeza kuliko mwendo mwingine wowote, lakini waliijua thamani yake, na msafara ulioipuuza ulilipa kwa maisha.

Fedha za sarafu hazikuwa na kazi bara. Chakula kilinunuliwa kwa nguo, shanga na nyaya za shaba, na kila bidhaa ilikuwa na watu wake. Nguo ilipimwa kwa doti, yaani yadi nne, na nusu yake ilikuwa shuka. Katika safari yake ya kwanza ya mwaka 1871, ya kumtafuta David Livingstone, Stanley alielezwa na wafanyabiashara wa Unguja kwamba watu 100 hula doti 10 kwa siku. Kwa hesabu hiyo, akiba ya mwaka mmoja ilikuwa doti 2,000 za merikani, doti 1,000 za kaniki na doti 650 za nguo za rangi kama barsati na sohari. Shanga zilikuwa mtego mkubwa zaidi. Samesame, zile nyekundu, zilipendwa Unyamwezi; shanga nyeusi zilipokelewa Ugogo lakini mahali pengine hazikununua hata yai. Aliyebeba shanga zisizo za nchi husika alikuwa na mzigo mzito na njaa pamoja. Ndiyo sababu maandalizi ya Unguja yalichukua wiki nyingi: mnunuzi alipaswa kujua watu wa kila wilaya watapenda nini miezi sita baadaye, na mitindo yao ilibadilika.

Kiasi cha kila siku kilikuwa posho, na kipimo chake cha kawaida kilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa mtu. Posho ilipotolewa kwa ukamilifu, msafara ulikwenda. Ilipopunguzwa, minong'ono ilianza jioni hiyo hiyo, na asubuhi mizigo kadhaa ilikutwa imelala chini bila wenyewe. Mnyapara mzuri alijulikana kwa namna alivyosimamia kibaba.

Lady Alice iliundwa Teddington, kwenye kingo za Mto Thames, katika karakana ya James Messenger, na ikapewa jina la Alice Pike, binti wa Kimarekani aliyekuwa mchumba wa Stanley. Ilikuwa na urefu wa futi 40, sawa na mita 12, upana wa futi 6 na kina cha inchi 30. Mbao zake zilikuwa za mwerezi, nyembamba sana ili kupunguza uzito. Ilitengenezwa kwa vipande vitano vya futi nane nane, ambavyo vingeweza kufungwa pamoja ziwani na kufunguliwa tena nchi kavu. Kwenye karatasi mpango ulikuwa safi. Vipande vilipopimwa Unguja, vilikutwa na uzito wa zaidi ya kilo 120 kimoja, na upana wake haukulingana kabisa na njia za bara, ambazo zilikuwa vijia vya mtu mmoja nyuma ya mwingine, vyenye miiba pande zote. Fundi seremala Mwingereza aliyekuwa Unguja wakati huo alipewa kazi ya kuvigawa upya ili viwe vyembamba na vyepesi zaidi. Bila marekebisho hayo mashua ingebaki Bagamoyo, na jambo hilo linafaa kukumbukwa kila mara vyombo vilivyopimwa mbali vinapoletwa kutumika mahali pasipopimwa.

Waliobeba mashua walikuwa wahamali wa mjini Unguja, watu wenye miili mikubwa, waliozoea kubeba magunia na masanduku ya forodhani kwa mipiko. Kila kipande kilipewa watu wanne, wakipokezana wawili wawili. Mishahara yao ilizidi hata ya wanyapara, isipokuwa ya mkuu wao Manwa Sera. Walipewa posho maradufu, na waliruhusiwa kufuatana na wake zao. Mpangilio huo ulikuwa wa busara. Mzigo wa nguo hupungua kadiri msafara unavyokula, na mzigo wa shanga unaweza kugawiwa watu wengine mbebaji wake akiugua. Kipande cha mashua hakipungui, na kikikosekana kimoja vyote vinakuwa kuni. Kwa hiyo wabebaji wa mashua walitunzwa, na wake zao, ambao hawakuandikwa katika orodha ya mishahara, walipika, wakasaga nafaka na kubeba vyombo vya nyumbani. Kazi ya wanawake hao ilikuwa sehemu ya maandalizi ya mashua kama ilivyokuwa kazi ya seremala.

Msafara uliondoka Bagamoyo tarehe 17 Novemba 1874, ukiwa na watu wapatao 350, wakiwamo wanawake 36 na watoto. Shehena ilikuwa ya uzito wa kilo 8,000 hivi, iliyogawanywa katika mizigo ya kilo 27. Wazungu wengine walikuwa watatu: Frederick Barker, aliyekuwa karani, na ndugu wawili, Francis na Edward Pocock, vijana wa wavuvi wa Kent waliozoea vyombo vya majini. Mstari wao njiani ulifikia karibu nusu maili, viongozi wenye mavazi mekundu wakiwa mbele, mitumba ya nguo na vipande vya mashua katikati, wanyapara wa ulinzi nyuma.

Tarehe ya kuondoka ndiyo iliyokuwa kosa kubwa. Misafara ya desturi ilisafiri zaidi wakati wa kiangazi, baada ya mavuno, wakati vihenge vimejaa na vijito vinavukika. Wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa wakulima pia, na mvua zilipoanza wengi walitaka kuwa mashambani. Katika nyanda za Ugogo na Singida mvua hunyesha kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na mtama huvunwa zikikoma. Desemba na Januari ni miezi ya jembe: nafaka ya mwaka uliopita inakaribia kwisha, ya mwaka mpya ingali majani. Aliyekwenda kununua chakula cha watu 350 katika miezi hiyo alikuwa anaomba watu wauze mbegu zao na akiba ya watoto wao. Ugogo kulikuwa na uhaba tayari, na juu ya bei ya chakula palikuwa na hongo kwa watemi, waliokuwa na haki juu ya maji na njia. Watu walianza kutoroka na kuugua kabla ya mwaka kwisha.

Tarehe 1 Januari 1875 msafara uliiacha njia kuu ya Unyanyembe na kugeukia kaskazini, upande wa Muhalala, jina ambalo lingali jina la kata katika Wilaya ya Manyoni. Uamuzi huo ulikuwa na sababu nzuri: njia ya moja kwa moja kwenda ziwani ingekuwa fupi, na ingeepuka vita vya Mirambo, mtemi wa Unyamwezi, upande wa magharibi. Gharama yake ni kwamba msafara uliacha pia mtandao wa vituo. Kwenye njia kuu kila mnyapara alijua Jiwe la Mkoa liko siku ngapi mbele na Tura siku ngapi baada ya hapo. Kaskazini hapakuwa na mtu msafarani aliyepima njia. Chakula kilinunuliwa katika vijiji vya mwisho kwa kuamini kwamba Unyaturu iko siku chache tu mbele, na viongozi waliokodiwa wakatoroka.

Mbele yao palikuwa na pori ambalo Stanley aliliandika kwa jina la Uveriveri. Uoto wa eneo la Manyoni na Itigi si msitu wa miti mirefu bali ni kichaka kizito chenye mashina mengi membamba yaliyosongamana, urefu wa mita tatu hadi tano, ambamo mtu haoni hatua ishirini mbele. Wataalamu wa mimea wanakitambua kwa jina la Itigi hadi leo. Katika njia ya namna hiyo mtu mwenye mtumba kichwani hupinda mgongo na kupenya. Watu wawili wenye kipande cha mashua kwenye mpiko hawana nafasi ya kupinda. Shoka lazima litangulie. Njia ilipotea, maji yakawa haba, na siku zilizokadiriwa zikapita. Wapagazi kadhaa walikufa kwa njaa na uchovu, wengine walipotea kichakani.

Kikosi cha wanaume wenye nguvu kilitumwa mbele hadi Suna, mpakani mwa Unyaturu, kutafuta nafaka. Waliobaki kambini walikula mizizi na matunda ya mwitu. Watoto wawili wa simba waliokutwa pangoni waliuawa na kuliwa. Kisha lilimwagwa sanduku la nguo la bati, likajazwa maji galoni 25, likatiwa kilo nne na nusu za unga wa shayiri na makopo manne ya unga wa dawa waliokuwa nao wazungu kwa ajili ya wagonjwa. Uji huo ulichemshwa juu ya moto wa kuni za porini na kugawiwa kwa vikombe kwa watu zaidi ya 200. Ni picha inayostahili kutazamwa vizuri: mashua ya thamani kubwa imelazwa chini kwenye miiba, mitumba ya nguo na shanga, ambayo ni fedha tele, imepangwa pembeni, na watu wanapanga mstari kwa kikombe cha uji mwepesi. Nguo hailiki. Fedha yote ya msafara haikuwa na thamani mahali pasipo na mkulima wa kuuza.

Kikosi kilirudi na mtama, nao mtama huo wa Wanyaturu ndio uliouokoa msafara. Watu walikula, wakajikokota hadi Suna, jina linalolingana na Issuna ya leo katika Wilaya ya Ikungi. Hapo palikuwa na mapumziko ya siku chache, ya kwanza ya kweli tangu Ugogo. Wanyaturu, ambao hujiita Arimi, walimshangaza Stanley kwa uzuri wa miili yao na kwa utaratibu wao: hawakuwa na mtemi mmoja, wazee ndio waliosikilizwa. Kwa msafara hali hiyo ilikuwa ngumu. Ugogo hongo ilikuwa mzigo, lakini mtemi aliyelipwa alitoa ruhusa kwa wote, na soko likafunguka. Unyaturu kila mji ulikuwa na mzee wake, na makubaliano ya boma moja hayakufunga boma la jirani. Nafaka iliuzwa kidogo kidogo na kwa bei ya juu. Hakuna sababu ya kuwaita wauzaji hao wachoyo, kama walivyoitwa na waandishi wa wakati ule. Ilikuwa Januari, mvua zilikuwa zimeanza tu, na mama mwenye kihenge kilichobaki robo alijua vizuri kwamba doti ya merikani haitapika ugali mwezi Machi.

Wagonjwa walikuwa wengi, na Edward Pocock alikuwa mmoja wao. Alibebwa kwenye machela hadi Chiwyu, akafariki hapo tarehe 17 Januari 1875, akazikwa chini ya mgunga uliochongwa alama ya msalaba. Katika mahesabu ya Stanley mahali hapo palikuwa maili 400 kutoka baharini. Kifo chake kilipunguza idadi ya waliojua ufundi wa mashua kabla mashua haijaona maji.

Siku chache baadaye msafara ulifika Vinyata. Ugomvi ulizuka, na maelezo yaliyobaki kwa maandishi ni ya upande mmoja. Stanley alisimulia kwamba mtu wake mgonjwa aliyebaki nyuma, Kaif Halleck, aliuawa, kisha kambi ikashambuliwa tarehe 23 Januari. Wanyaturu hawakuandika, lakini si vigumu kuona walichokiona: mamia ya wageni wenye bunduki, wasiojulikana, wasio na mtemi aliyewadhamini, wamepiga kambi katikati ya mashamba msimu wa njaa. Vita vilidumu siku tatu. Miiba ilikatwa na boma likajengwa haraka kuzunguka kambi, na vipande vya Lady Alice vikasogezwa katikati viwe ngome ya mwisho, mbao zake zikipewa kazi ya kukinga mishale. Msafara ulipoteza watu zaidi ya 20. Kisha Stanley alituma vikosi, vijiji vikachomwa moto, na ng'ombe, mbuzi na nafaka vikaletwa kambini. Chakula kilichowavusha hadi Iramba hakikununuliwa. Kilichukuliwa kwa bunduki kutoka kwa watu ambao hakuna anayejua idadi ya wafu wao, na historia ya mashua hii haiwezi kuandikwa kwa haki bila kulitaja jambo hilo katika hesabu ya posho.

Iramba kulikuwa na nafuu. Mgongo Tembo, mji uliopata jina kwa mwinuko wake wa mawe, uliupokea msafara, na watu wakapumzika. Kutoka hapo njia iliteremka katika tambarare ya Wembere, ambayo wakati wa mvua hugeuka kuwa maji na tope kwa maili nyingi, yenye wanyama wengi. Waliobeba mashua walivuka maji hayo wakiwa na mashua mabegani, kwa kuwa kuifunga na kuifungua kungechukua muda mrefu kuliko kupita kwa miguu. Upande wa pili ulikuwa Usukuma, na huko mambo yalibadilika kabisa: ng'ombe, mbuzi, kuku na nafaka vilikuwa vingi, bei ilikuwa nafuu, na wapagazi wapya walipatikana. Njaa ya Januari ilibaki nyuma yao.

Tarehe 27 Februari 1875 msafara ulifika Kageye, ufukweni mwa ziwa, si mbali na Mwanza ya leo. Walikuwa wamekwenda maili 720 kwa siku 103. Sasa ilianza kazi ambayo kila baharia anaielewa. Mbao nyembamba zilizopigwa na jua na mvua kwa miezi zaidi ya mitatu hukauka, hujikunja na kuacha mianya. Vyuma vya kuungia huliwa na kutu. Kingo zilizogongwa kwenye miti huhitaji kusawazishwa. Mashua iliungwa, ikaimarishwa kwa ajili ya mawimbi ya ziwa kubwa, na ndani ya siku saba ilikuwa tayari. Ilipakiwa unga, samaki wakavu, mitumba ya nguo, shanga na vitu vidogo vya dharura. Kageye ilikuwa mahali pazuri pa kujaza shehena hiyo: samaki walikaushwa na wavuvi wa hapo hapo, na unga ulitoka katika nchi ya shibe.

Kilichokosekana ni mabaharia. Stanley alipoomba watu wa kujitolea, hakuna aliyejitokeza. Walikuwa wamesikia kwamba ziwa halina mwisho na kwamba visiwani kuna watu wakali, na baada ya Vinyata hawakuwa na sababu ya kudharau habari za namna hiyo. Safeni, mtu mwenye busara, alishauri wateuliwe badala ya kuombwa. Wakachaguliwa, yeye akiwa nahodha, pamoja na mvuvi mmoja wa Kageye, Saramba, aliyejua pwani. Barker na Francis Pocock walibaki kulinda kambi. Tarehe 8 Machi 1875 tanga lilipandishwa.

Safari ya kuzunguka ziwa ilidumu karibu miezi miwili, na iliendeshwa na swali lile lile la Singida. Penye mwenyeji mwenye uwezo na nia njema, mashua ilijaa. Ilipofika Usavara mwanzoni mwa Aprili, Kabaka Mutesa wa Buganda alipeleka ng'ombe 14, mbuzi na kondoo 16, mikungu 100 ya ndizi, kuku 36, maziwa, viazi vitamu, mahindi mabichi, mchele, mayai 20 na mitungi 10 ya pombe ya ndizi. Ilikuwa zawadi kubwa mno kwa watu wa mashua moja, na Mutesa alijua alichokuwa anakionyesha. Penye uhasama, akiba iliisha upesi. Mwishoni mwa Aprili, katika kisiwa cha Bumbire, mashua ilipokwenda kutafuta chakula ilikokotwa nchi kavu na makasia yakachukuliwa. Mabaharia waliisukuma tena majini wakapiga kafi kwa mbao za sakafuni mwake. Waliporudi Kageye mwezi Mei walikuta Barker amekwisha kufariki.

Kageye palikuwa na njia nyingine ya kupata chombo. Songoro, mfanyabiashara wa Kiarabu aliyekaa hapo, alikuwa anaunda jahazi lake Ukerewe kwa mbao za huko huko, kazi iliyokwenda polepole kwa miaka. Mbao zilikuwepo, lakini misumari, kamba na nguo za tanga vilipaswa kutoka pwani vichwani mwa wapagazi. Mwaka 1877 wamisionari wa Kianglikana wa CMS walileta chombo chao, Daisy, nacho kwa vipande, na fundi wao O'Neill alitumia miezi kukirekebisha kwa sababu safari ya nchi kavu ilikuwa imekiharibu. Yeye na mwenzake Luteni Shergold Smith waliuawa Ukerewe Desemba mwaka huo, katika vita vilivyomhusisha Songoro na jahazi lake.

Lady Alice ilibebwa tena hadi Ujiji, ikalizunguka Ziwa Tanganyika katikati ya mwaka 1876, kisha ikateremka Mto Kongo, nahodha wake sasa akiwa Uledi. Francis Pocock alizama katika maporomoko ya mto huo Juni 1877. Mwishoni mwa Julai, karibu na maporomoko ya Isangila, watu walikuwa wamedhoofika kwa njaa kiasi cha kutoweza kuibeba zaidi. Waliipandisha juu ya miamba wakaiacha. Iliachwa ikiwa bado nzima, siku chache kabla ya kufika mji wa Boma, ambako chakula kilikuwapo.

Chombo kingine kikubwa kilipita Singida kwa vipande miaka karibu 40 baadaye, lakini hakikupita begani mwa mtu. Reli ya Kati iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914, ikipita Manyoni na Itigi, juu ya ardhi ile ile ya Mgunda Mkali. Meli ya Kijerumani Goetzen, iliyoundwa Papenburg, ilifunguliwa, ikafungwa katika masanduku yapatayo 5,000 na kusafirishwa kwa reli hiyo. Mashine zake zilipakwa grisi nzito Wajerumani walipoizamisha kwa makusudi mwaka 1916. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, wakaitengeneza, na tangu 1927 imejulikana katika Ziwa Tanganyika kwa jina la Liemba.